Hobie 16 Yaingia Majini: Kumbukumbu za Safari ya Kwanza

Ijumaa jioni

Trela imeshafungwa nyuma ya gari na kesho alfajiri tunaondoka. Katamarani tuliyoinunua mimi na shemeji ni Hobie 16 iliyokwisha kutumika. Ni mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa boriti za alumini, na katikati pamewambwa turubai ambalo ndilo sakafu, ndilo kiti, ndilo kila kitu. Urefu wake ni mita 5.04, upana mita 2.41 na uzito kama kilo 145. Kwa vipimo hivyo ndivyo tulivyoichagua. Inapita barabarani bila kufunguliwa boriti hata moja, gari dogo la kawaida linaivuta, na watu wawili wenye kigari cha magurudumu ya mchangani wanaifikisha majini bila gati. Zimeshaundwa zaidi ya 100,000 za aina hii, kwa hiyo kapi, pini na waya zake hupatikana.

Njiani mlingoti ndio unaosumbua. Unazidi mita 8 wakati chombo chenyewe ni mita 5, hivyo ni lazima utokeze. Tumeulaza juu ya nguzo ya mbele ya trela na boriti ya nyuma ya chombo, ncha tukaifunga kitambaa chekundu. Mikanda imepita juu ya boriti, nayo tumeisokota mara moja moja kabla ya kuikaza, maana mkanda uliolala bapa huvuma kwa upepo wa mwendo, hutetemeka safari nzima na hatimaye hulegea. Sukani mbili tumezichomoa zisafiri ndani ya gari. Zikiachwa nyuma ya chombo zinapigapiga kila shimo la barabara.

Lakini sehemu kubwa ya jioni imekwenda kwenye ukaguzi. Mitumbwi hii imetengenezwa kwa matabaka mawili ya faibaglasi yenye povu gumu katikati, na chombo kikizeeka juani matabaka huachana bila dalili ya nje. Dawa yake ni kugonga kwa kifundo cha kidole, shubiri kwa shubiri. Mahali pazima hutoa mlio mkavu, palipoachana hutoa sauti ya kufa, na ukipabonyeza kwa kidole gumba panabonyea. Tuligonga sana sehemu ya juu, mbele ya nguzo zinazobeba boriti, ambapo ugonjwa huu hupenda kuanzia. Yetu ni mizima.

Waya ni habari nyingine. Mlingoti wa katamarani kama hii unashikiliwa na waya tatu tu: mbili za pembeni na mmoja wa mbele. Mmoja ukikatika, mlingoti unaanguka, na chini yake kuna watu. Waya wa kulia una nyuzi 19, na uzi mmoja ulikuwa umekatika karibu kabisa na kifungio cha chini, mahali ambapo jicho halifiki usipopinda kichwa. Tumebadilisha waya zote tatu. Zilizeeka pamoja, na sioni sababu ya kuziamini mbili kwa kuwa ya tatu ndiyo iliyotangulia kusema.

Jumamosi

Tumefika ufukweni saa tatu asubuhi. Kabla ya kufungua mkanda wowote tulitazama juu. Mlingoti wa alumini ukigusa waya wa umeme unaweza kumuua aliyeushika na aliye karibu naye, na hilo linaweza kutokea nchi kavu kabisa, watu wakisukuma chombo kuelekea majini huku macho yao yakiwa kwenye mchanga. Kwa hiyo tulitembea njia yote hadi ukingo wa maji, vichwa juu, ndipo tukachagua pa kuegesha trela. Hobie nyingi zina kipande cha juu cha mlingoti cha faibaglasi kwa sababu hiyo hiyo, na yetu inacho. Hata hivyo waya za kushikilia mlingoti ni chuma, na chuma hakichagui.

Kusimamisha mlingoti ndiyo kazi iliyokuwa ikinitia hofu, nayo ilikwenda vizuri kwa sababu tuliipanga kwa maneno kwanza. Kitako chake hufungwa kwa pini kwenye boriti ya mbele, mlingoti ukiwa umelala kuelekea nyuma. Waya za pembeni hufungwa kabisa kabla ya kuinua. Mimi nilisimama juu ya turubai nikauinua na kuusukuma nikienda mbele, shemeji akavuta kamba iliyofungwa kwenye waya wa mbele. Mzigo wote uko mwanzoni, mlingoti ukiwa bado chini ya kifua. Ukishapita usawa wa kichwa unakuwa mwepesi, na hapo ndipo hatari ya kuyumba kando inapoingia. Ndiyo maana tulihakikisha chombo kimekaa sawa juu ya trela, hakijainama upande.

"Shemeji, usiachie kamba hata nikisema umefika," nilimwambia.

"Siachii mpaka nione pini na usalama wake," akajibu, na ndivyo alivyofanya.

Kisha tukapitisha fito ndani ya mifuko ya tanga kubwa. Fito hizi zinavuka tanga lote kutoka mlingotini hadi ukingo wa nyuma, nazo ndizo zinazolipa umbo la bawa. Ukizikaza sana tanga linakataa kugeuka upepo ukiwa mdogo, ukizilegeza linakunjamana. Baadaye tulipandisha tanga kwa muda mfupi, omo (ncha ya mbele ya chombo) ikitazama upepo, ili kujaribu kulabu ya juu. Katika Hobie 16 tanga likifika kileleni, pete yake hunasa kwenye kulabu, na henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, inabaki bila mzigo. Kunasa ni rahisi. Kunasua ndiko kunakohitaji mazoezi, na tuliyafanya hapo hapo mchangani, maana siku tutakayohitaji kutua tanga haraka haitakuwa siku ya kujifunza.

Kufikia saa sita chombo kilikuwa tayari, na bahari ilikuwa imejaa mapovu meupe. Kipimo changu cha upepo kilisoma kilomita 25 kwa saa. Kwa wanaoijua Hobie 16 huo ni upepo mtamu sana. Kwa chombo ambacho hakijawahi kutubeba sisi wawili, ni upepo wa kukitazama kikiwa juu ya trela. Mapovu meupe yakionekana kila upande, mimi safari ya kwanza naiahirisha. Shemeji alinung'unika kidogo, halafu akakaa juu ya turubai na tukafanya mazoezi ya kuvuka kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine, matanga yakiwa yametuliwa, kila mmoja akijua apite wapi na ashike kamba ipi. Neno tulilolirudia kuliko yote ni "legeza". Demani ya tanga kubwa, yaani kamba ya kulivuta na kulilegeza, hukaa mkononi mwa mwenye kana (mpini wa usukani), na kamba za tanga la mbele hukaa kwenye vibanio vyenye meno ya kuzishikia. Mkono wa shemeji ulilazimika kujua jinsi ya kuzichomoa kutoka kwenye meno hayo macho yakiwa yamefumbwa.

Nina jambo moja la kusema juu ya vyombo vya trela. Kinachoviua ni muda wa kuviunganisha. Chombo kinachokula asubuhi nzima kabla ya kugusa maji kitatolewa mara chache, kisha mara chache zaidi, mwishowe kitaota majani. Ndiyo sababu jioni hii tumefunga utepe wa rangi kwenye kila kamba: nyekundu kwa demani kubwa, buluu kwa tanga la mbele, njano kwa kamba ya kuvuta tanga chini. Pini zote ndogo zimewekewa uzi ili zisianguke mchangani.

Jioni, upepo bado ukivuma, tulizungumza kuhusu walioanza. Mwaka 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff alileta katamarani yake Amaryllis kwenye mashindano huko New York na kuwaacha nyuma wenye vyombo vya mtumbwi mmoja, kisha chombo hicho kikazuiwa kushindana nao. Karibu karne moja baadaye Hobie Alter, mtengenezaji wa mbao za kuteleza mawimbini kule California, alitaka chombo kinachotoka ufukweni kupita katikati ya mawimbi bila kutegemea bandari. Ndipo likaja umbo hili la ajabu. Mitumbwi haina ubao wa kushuka chini ya maji. Upande wa nje umenyooka, wa ndani umetuna, na kila mtumbwi unafanya kazi ya kuzuia chombo kisisukumwe kando. Unaufikisha mchangani bila kuinua chochote zaidi ya sukani.

Jumapili

Saa moja na nusu maji yalikuwa yamelala na upepo wa kama kilomita 10 kwa saa ulivuma sambamba na ufukwe. Huu ndio nilioutaka. Upepo unaotoka nchi kavu humdanganya aliyesimama mchangani, maana hapo huonekana mpole, kumbe kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyokua na ndivyo unavyozidi kukupeleka nje. Unaotoka baharini hukurudisha mchangani kabla hujashusha sukani. Unaovuma sambamba na pwani hukuruhusu kutoka na kurudi upepo ukiwa ubavuni, bila kupiga bisho, yaani kupanda upepo kwa kugeuzageuza, hata mara moja.

Vizibo vya nyuma, kimoja kwa kila mtumbwi, nilivikaza mimi, kisha shemeji akavigusa kwa mkono wake. Tumekubaliana iwe hivyo daima: hakisukumwi chombo mpaka mikono ya watu wawili imevigusa. Tukavaa majaketi ya kuokolea maisha, tukapandisha matanga omo ikiwa upeponi, tukasukuma mpaka maji yakafika kiunoni. Shemeji akakishika chombo kwa waya wa mbele. Nikapanda, nikashusha sukani mpaka nikasikia kila moja imejifunga kwa mlio wake, nikamwita. Akajivuta juu, tanga la mbele likajaa, na tukaondoka.

Sijui niieleze vipi ile dakika ya kwanza. Chombo cha mtumbwi mmoja huinama upepo unapokishika, na kuinama huko ndiyo lugha yake, hukuambia mzigo umefika kiasi gani. Katamarani haikuinama. Ilichukua nguvu yote ile na kuigeuza mwendo. Nilitazama nyuma, nikaona mistari miwili iliyonyooka majini na ufukwe umeshakuwa mbali kuliko nilivyodhani. Kwa kuwa chombo hakisemi kwa mwili wake, tulijifunza kutazama nyuzi za sufu zilizobandikwa kwenye tanga la mbele. Zote mbili zikilala sawa, tanga limekaa vizuri. Wa upande wa upepo ukianza kuruka, mwenye kana amekaribia mno upepo au tanga limelegea.

Jambo lililotushangaza ni upepo wenyewe kuhama. Ukiwa umesimama unavuma kutoka ubavuni. Chombo kikishika kasi, unausikia usoni, kana kwamba umegeuka, na matanga yanadai kuvutwa ndani zaidi. Ni mwendo wetu unaojumlishwa na upepo wa kweli. Kila katamarani nyepesi inaishi kwa hesabu hiyo. Unaanza matanga yakiwa wazi kidogo, unasubiri kasi, ndipo unavuta. Anayevuta kwanza anakaa pale pale.

Baada ya kwenda na kurudi mpaka mikono ikazoea, tukaanza kupiga bisho, na hapa ndipo Hobie 16 inapompima mtu. Mitumbwi miwili mirefu haipendi kugeuka, na chombo chepesi hakina uzito wa kukisukuma kupita jicho la upepo, yaani pale hasa upepo unapotokea. Ukifika katikati bila mwendo kinasimama, matanga yanapepea, kisha kinaanza kurudi nyuma. Kilisimama, tena zaidi ya mara moja. Kutoka hapo kuna utaratibu wake. Kikirudi nyuma usukani hufanya kazi kinyume, kwa hiyo unageuza kana upande wa pili, unalegeza demani kubwa kabisa, shemeji anashikilia tanga la mbele upande usio wake lisukume omo pembeni. Likishaanguka upande mmoja, unanyoosha usukani, unavuta matanga taratibu, na mwendo unarudi.

Namna ya kuvuka vizuri tuliipata kabla ya saa nne. Unakwenda karibu na upepo kwa kasi kamili. Unasukuma kana polepole bila kuisimamisha katikati, kwa kuwa usukani uliogeuzwa ghafla ni breki. Tanga la mbele haliachiwi mpaka upepo ulishike kwa nyuma na kulisaidia kuvuta omo. Wakati huo huo demani kubwa inalegezwa, la sivyo tanga kubwa linakirudisha chombo upeponi kama jogoo wa bati juu ya paa. Omo ikishavuka ndipo shemeji anahamisha tanga la mbele, nami navuta langu. Siri kubwa ni hiyo subira ya tanga la mbele. Shemeji alikuwa na hamu ya kuliachia mapema, na kila alipoweza kungoja mpaka nilipotamka "sasa", chombo kiligeuka.

Uzito wetu pia una kazi. Upepo mdogo, tulisogea mbele karibu na waya za pembeni ili mikia ya mitumbwi isiburute maji. Upepo ulipofika kilomita 15 hivi, tukarudi nyuma, kwa sababu omo za Hobie 16 ni nyembamba na hazina hewa nyingi ndani yake. Zikizama, chombo kinaweza kupinduka kichwa mbele. Wanaokijua chombo hiki huitazama omo ya upande wa chini ya upepo kuliko wanavyotazama tanga. Ikianza kunywa maji, demani inalegezwa na watu wanakimbilia tezi, nyuma ya chombo.

Mara moja, upepo ulipojikusanya, mtumbwi wa upande wa upepo ulitoka majini. Ulipanda kimya kimya kiasi cha mkono mmoja. Nikalegeza demani kidogo, ukabaki hapo hapo juu, maji yakitiririka kutoka chini yake, na shemeji akapiga ukelele wa furaha ambao nadhani ulifika ufukweni. Niliushusha taratibu. Ni rahisi kutamani kuupandisha tena na tena. Lakini siku ya kwanza nilitaka kujua unashukaje kuliko unavyopanda.

Jumatatu

Leo tulikipindua chombo kwa makusudi. Naamini kila mwenye katamarani ndogo afanye hivi mapema, katika maji ya joto na upepo mdogo, mtu wa kumtazama akiwepo. Tulichagua mahali penye kina cha kutosha, maana mlingoti wa mita 8 ukigusa tope la chini unaweza kunasa au kupinda.

Kikiwa kimelala ubavu, kazi ya kwanza ni kuhesabu vichwa, ya pili ni kuachia demani zote. Matanga yaliyofungwa yakiinuka na upepo, chombo kinaondoka bila watu au kinapinduka upande wa pili. Kisha tuliogelea kuzungusha omo itazame upepo. Kamba ya kuinulia ikatupwa juu ya mtumbwi ulio hewani, nasi tukasimama juu ya ule ulio majini, tukaegemea nyuma wote wawili, migongo karibu kugusa maji. Hakuna kilichotokea mwanzoni. Ukibaki hapo bila kurukaruka, upepo unaingia chini ya tanga, maji yanamwagika, mlingoti unaanza kujiinua. Mtu mmoja mwepesi peke yake angehangaika sana. Hilo sasa tunalijua kwa miili yetu, na ndiyo sababu hakuna kati yetu atakayetoka peke yake na chombo hiki. Kilipokuja juu nilishika boriti ya mbele kukizuia kisiendelee na safari ya kupinduka upande wa pili. Shemeji alifanya vivyo hivyo kwenye zamu yake.

Baada ya mapumziko tulivuka hadi rasi iliyo ng'ambo ya ghuba. Kwenda tulikuwa na upepo mgongoni, lakini katamarani haikimbii vizuri ikipewa mgongo moja kwa moja. Kasi inakula upepo wake, matanga yanazubaa. Tulikwenda kwa pembe, kushoto kisha kulia. Njia ilikuwa ndefu kwenye ramani na fupi kwenye saa. Kila tulipogeuza tezi kupita upepo nilikusanya kamba zote za demani mkononi na kulivusha tanga mwenyewe, lisijirushe. Kurudi kulikuwa bisho mfululizo. Mawimbi madogo yalikuwa yakipiga omo na turubai likarusha maji usoni, na hatukukwama katikati ya upepo hata mara moja.

Jioni chombo kimerudi juu ya trela. Magurudumu ya trela hayakuingia majini, kigari cha mchangani ndicho kilichoingia. Beringi iliyopata moto barabarani ikitumbukizwa ghafla kwenye maji ya chumvi hufyonza maji hayo ndani na kuharibika. Tumeosha kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi, kuanzia makapi hadi meno ya kamba, tukafungua vizibo. Mtumbwi wa kushoto ulitoa maji kiasi cha vikombe viwili, wa kulia ulikuwa mkavu, kwa hiyo wiki hii naukagua wa kushoto kwa sabuni na hewa: naupulizia hewa kidogo sana kwa mdomo kupitia tundu la kizibo, napaka sabuni kwenye maungio, natafuta mapovu.

Kana nayo ilikuwa nzito mkononi wakati wa bisho. Nitapima umbali kati ya sukani mbili, mbele na nyuma, kuona kama zinatazama upande mmoja, kisha nitaangalia kama zinashuka mpaka mwisho na kujifunga, kwa kuwa usukani uliobaki nyuma hata kidogo huongeza uzito wa kana. Hayo yakikamilika, na utabiri ukituahidi chini ya kilomita 20 kwa saa, Jumamosi ijayo shemeji anavaa mkanda wa trapizi, ule wa kuning'inia kwa waya nje ya chombo.